Mbegu inaanza na oda, sio jembe: namna kikundi cha kijijini kinavyoweza kuinua tasnia ya mbegu

Habari za mihangaiko wakuu. Kila ikifika mwezi wa kumi huku kwetu Kongwa swali ni moja tu, mbegu ya karanga inapatikana wapi, na kila mwaka jibu ni sokoni. Mtu anaenda zake Kibaigwa ananunua karanga za kula, zimechanganyika aina tatu nne, zingine zimelala stoo ya mtu hujui tangu lini, anarudi anapanda, nusu haioti, iliyoota inadumaa kwa ugonjwa wa rozeti, alafu tunalaumu mvua. Mimi nipo kwenye kikundi kinachozalisha mbegu za karanga, na naandika haya kwa ajili ya yeyote anayetaka kuanza kwake, iwe ni karanga, choroko, mbaazi, mtama au maharage. Tukizungumzia tasnia ya mbegu ya taifa watu wanawaza makampuni makubwa na mahindi chotara, ila sehemu iliyo dhaifu zaidi iko huku chini, na huku chini ndio sisi tunaweza kufanya kitu.

Kwanza elewa kwanini kampuni haiji kukuuzia mbegu ya karanga, maana ukielewa hilo utajua kazi yako ni ipi. Mahindi chotara unapanda kilo 10 kwa eka na mwaka unaofuata lazima urudi dukani, ukipanda yale uliyovuna mavuno yanashuka. Karanga inajichavusha yenyewe, ukinunua mbegu safi mara moja unaweza kurudia msimu hata mitatu kabla haijachoka, na eka moja inakula kilo 32 hivi za punje. Kwa hiyo mzigo ni mkubwa, usafiri ghali, na mteja harudi kila mwaka. Mfanyabiashara akipiga hesabu anaona bora abaki na mahindi na mboga, na simlaumu. Ndio maana nchi ikaweka daraja la mbegu za kuazimiwa ubora, wengi tunaita QDS, wakulima wenyewe wanazalisha, mkaguzi anakagua, zinauzwa hukohuko kwa majirani ndani ya wilaya. Chotara haziruhusiwi kwenye daraja hili, ni zile aina zinazorudia vizuri tu.

HESABU KABLA YA JEMBE

Hapa ndio vikundi vingi vinafia, na hapa ndio nataka usome polepole.

Mbegu zina ngazi. Mtafiti anatoa kidogo sana, hizo ni mbegu za mtafiti, zinazalishwa zinakuwa mbegu za awali, kutoka hapo zinakuwa mbegu za msingi, wengine wanaita mbegu mama, alafu ndio zinakuja zilizothibitishwa au hizi zetu za kuazimiwa. Kila ngazi ni msimu mzima shambani. Sasa tuseme kata yenu ina watu wa kupanda eka 500 za karanga. Eka 500 mara kilo 32 ni tani 16 za mbegu. Shamba la mbegu likitunzwa vizuri na ukishachambua, chukulia kilo 320 kwa eka, yaani unapanda moja unavuna kumi. Kwa hiyo unahitaji eka 50 za kuzalisha QDS, na hizo eka 50 zinakula kilo 1,600 za mbegu za msingi. Hizo kilo 1,600 nazo zinahitaji mtu mwingine alime eka 5 msimu mmoja kabla, akitumia kilo 160 za mbegu za awali. Linganisha na mahindi ya kawaida yasiyo chotara kama Situka au Staha, eka moja ya mbegu inaweza kutoa tani nzima, unapanda moja unavuna mia, eka 500 zinatoshelezwa na eka 5 na kilo 50 tu za msingi. Umeona tofauti? Ndio maana mbegu ya mahindi ikikosekana inarudi haraka, ya karanga ikikatika inachukua miaka.

Sasa fuatilia kalenda. Sisi mvua ni moja, tunapanda mwezi wa 12. Mbegu ya msingi utakayopanda Desemba hii ilivunwa mwezi wa nne au wa tano, na ili ivunwe ilibidi ipandwe Desemba iliyopita, na ili ipandwe kuna mtu alitakiwa ajue kwamba wewe utaihitaji. Kwa hiyo ukienda kituo cha utafiti mwezi wa 11 na hela yako mkononi ukaambiwa zimeisha, hujanyimwa, umechelewa mwaka mzima. Oda ya mbegu za msingi inatakiwa iende miezi 12 kabla, zaidi ikiwezekana. Hili jambo nalisemea sana kwenye vikao kwasababu likifanyika nchi nzima mtafiti anajua azalishe kiasi gani badala ya kubahatisha.

Kwa hiyo hatua ya kwanza sio kusafisha shamba. Ni daftari. Pita kaya kwa kaya au tumia mkutano wa kitongoji, andika nani atapanda aina gani, eka ngapi, na mwambie alipe kianzio hata kidogo, maana anayesema tu atachukua na aliyetoa elfu tano ni watu wawili tofauti kabisa. Sisi mwaka wa kwanza tuliandika majina bila kianzio na msimu ulipofika walikuja nusu. Ukishapata jumla andika barua, peleka nakala kwa afisa kilimo wa kata na wa wilaya, nyingine TARI ambao ni Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, nyingine ASA ambao ni Wakala wa Mbegu za Kilimo pale Morogoro. Karanga na mazao mengine ya mafuta kituo chake kikuu ni TARI Naliendele, Mtwara. Kwa huku kati kuna TARI Hombolo, unaweza kuanzia hapo wakakuelekeza.

Kuhusu aina, usichague kwa kusikia. Pendo iliyotoka 1998 inawahi kukomaa, kwa sisi wenye mvua fupi ni mkombozi. Mwaka 2009 zilitoka kwa mkupuo Mnanje, Mangaka, Masasi, Nachingwea na Naliendele, na hizo zina sifa tofauti tofauti, ulizia ipi inavumilia rozeti kwa eneo lako. Aina nyingi za hizi chimbuko lake ni vizazi vilivyotengenezwa na watafiti wa ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makavu, kule Malawi, vikaletwa, vikajaribiwa hapa kwetu miaka kadhaa mpaka vikakubalika. Nalitaja hilo kwasababu watu wakisikia neno ushirikiano wanadhani ni semina na posho, kumbe karanga unayokula jioni ndio ushirikiano wenyewe.

Kitu kingine uliza, hii aina ina mmiliki? Tanzania ina sheria ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea ya 2012 na tuliingia UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, mwaka 2015, kwa hiyo aina iliyosajiliwa kwa haki hizo huwezi kuizalisha kwa biashara bila kibali cha mwenye nayo. Aina za serikali nyingi utaruhusiwa, ila uliza na upate maandishi.

SHAMBANI

Chagua shamba ambalo msimu uliopita halikuwa na karanga. Karanga zilizobaki ardhini zitaota zenyewe, hayo ndio maotea, na hutaweza kuyatofautisha na mbegu yako mpaka uchelewe. Kwa vile karanga inajichavusha hauhitaji kukaa mbali sana na jirani, nafasi ya hatua chache inatosha ili mavuno yasichanganyike. Mahindi ni hadithi nyingine, poleni inasafiri na upepo, mita 200 ndio wanataka, ikishindikana pishana na jirani kwa mwezi mzima wa kupanda. Alizeti poleni yake nyuki anaibeba kwa kilomita na zaidi, kwa hiyo kama mmezungukwa na mashamba ya alizeti kila upande achaneni nayo kabisa au kijiji kizima kikubaliane kupanda aina moja, na hilo linawezekana, ni suala la mkutano wa kijiji.

Sajili shamba TOSCI, ndio taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, kupitia mkaguzi aliyeidhinishwa wa wilaya yako. Usisubiri. Wiki chache baada ya kupanda fomu iwe imeshaondoka ikiwa na risiti ya mbegu za msingi na lebo zake, zile lebo usitupe hata moja, zigundishe kwenye daftari. Msimu wetu wa pili barua ya kusajili ilikaa kwa katibu wetu wiki tano, mkaguzi alipofika tulishang'oa, na mzigo wote, karanga nzuri kabisa za Pendo, tukauza kama za kula. Iliuma sana. Tangu siku hiyo kazi ya makaratasi ina watu wawili, mmoja akisafiri mwingine anaendelea.

Kagua shamba mwenyewe mara tatu kabla mkaguzi hajaja, na ukipita pita na jua likiwa mgongoni ili uone rangi za majani vizuri. Mmea wenye maua au majani tofauti, ng'oa. Mmea uliodumaa majani ya manjano yamejikusanya kama kichaka, hiyo ni rozeti, inaletwa na vidukari, ng'oa uzike au uchome, usiutupe pembeni ya shamba. Kupanda mapema na kupanda kwa nafasi ya kubanana kiasi kunapunguza sana hawa vidukari. Watu wanaona uchungu kung'oa mmea wenye karanga, lakini mmea mmoja wa aina nyingine ukiuacha mwaka huu, mwakani ni kumi, mwaka wa tatu ni mia.

KUVUNA NA KUTUNZA, HAPA USIWE NA HARAKA

Ng'oa mashina machache kona tofauti za shamba, pasua maganda uangalie kwa ndani. Ganda la karanga iliyokomaa ndani linakuwa limeshaanza kuwa la kahawia iliyokolea, changa linakuwa jeupe. Kwenye maganda kumi yakiwa saba au nane yamekolea, vuna. Ukishang'oa geuza mashina maganda yaangalie juu, yaache siku chache yapungue maji, alafu malizia kukausha kwenye kivuli chenye upepo. Jua kali la moja kwa moja siku nzima juu ya turubai jeusi linaua kiini, utakuwa na karanga tamu ya kukaanga lakini mbegu imekufa.

Na tafadhali, nawaomba sana, msiloweke maganda ili kurahisisha kumenya. Huku kwetu ni kawaida, vidole vinauma, mtu ananyunyizia maji kidogo. Kuna bibi mmoja kwenye kikundi chetu, siku moja kijana kaja na ndoo ya maji pale tulipokuwa tunamenya, yule bibi akaifunika ile ndoo kwa kanga yake akamwambia, "Mjukuu wangu, hiyo rudisha kisimani. Karanga ya mbegu ikilowa inakufa huku unaiangalia." Na sio kufa tu, unyevu ndio unaleta sumukuvu. Mwaka 2016 hapa Dodoma na jirani zetu Manyara watu walipoteza maisha kwa sumukuvu kwenye nafaka, hatujasahau. Hifadhi karanga ikiwa na maganda yake, juu ya chaga, sehemu yenye ubaridi, na menya wiki chache tu kabla ya kufungasha. Ganda ni ulinzi ambao Mungu kaweka bure.

Kuna kanuni moja ya wataalamu wa mbegu ambayo ni rahisi kuikumbuka: ukipunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1, muda wake wa kukaa hai unakaribia kuongezeka mara mbili, na ukipunguza joto la stoo kwa nyuzi 5 vivyo hivyo. Kwa hiyo stoo ya bati isiyo na dari inakula mbegu yako kimyakimya. Sisi tuliweka dari ya matete na udongo, tukatoboa matundu ya hewa juu, gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na hasara.

Kwa mahindi na maharage kuna kipimo cha chumvi, kila kikundi kijue. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka chumvi kavu kama robo, weka mbegu kiasi hicho hicho, funga, tikisa dakika tatu, iache kama robo saa. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, mbegu bado ina unyevu zaidi ya asilimia 15, rudisha ikauke. Ikibaki inateleza chini, sio kwamba umemaliza, uko karibu, maana mahindi ya mbegu yanatakiwa yafike 13. Karanga inatakiwa kavu zaidi ya hapo, kama 8 hivi, chumvi haitakuonyesha, kwa hiyo sugua punje kwa vidole, ngozi ikichubuka kirahisi na ukitikisa ganda punje inalia ndani, hapo umekaribia. Ila mchango wa kununua kipima unyevu kimoja cha kikundi ni hela iliyoenda mahali pake. Kwa nafaka na kunde tumieni ile mifuko isiyopitisha hewa, ile ya kinga njaa, wadudu wanakosa hewa wanakufa bila dawa.

Kupima uotaji hauhitaji maabara kwa kuanzia. Mchanga msafi kwenye beseni, hesabu punje 100 bila kuchagua, yaani chota tu, panda, mwagia kidogo kila siku. Siku ya kumi hesabu miche yenye mzizi na majani kamili, miche iliyopinda au isiyo na kichwa usiihesabu. Kuna mwaka nilinunua mfuko wa mbegu ya mahindi duka moja la pembejeo, lebo inavutia kweli, nikajaribu 100 zikaota 41, nikarudisha mfuko ukiwa na miche yangu kwenye beseni, nikarudishiwa hela yangu. Ningepanda bila kujaribu ningekuja kugundua Januari. Vipimo vyako mwenyewe havichukui nafasi ya TOSCI, sampuli lazima iende maabara, ila vinakuzuia kupeleka sampuli ambayo unajua itafeli na kulipia bure.

KUUZA

Fungasha kidogo. Kilo 2, kilo 4. Wanawake ndio wanaolima karanga huku na wengi wananunua kwa hela ya kuku au ya maandazi, mfuko wa kilo 20 unamfukuza. Juu ya mfuko pawe na jina la aina, mwaka wa mavuno, uotaji, jina la kikundi, na lebo ya TOSCI. Kwenye mbegu za madukani siku hizi kuna lebo za kukwangua, unakwangua unatuma namba kwa simu unaambiwa ni halali au la, mfundishe kila mteja wako afanye hivyo hata akinunua mahindi ya kampuni, maana mbegu feki inawaharibia wazalishaji wote wakweli pamoja na nyie.

Weka shamba darasa pembeni ya barabara ya kwenda shuleni, mistari kumi ya mbegu yenu na mistari kumi ya karanga ya sokoni, tarehe ileile, mbolea ileile. Hakuna tangazo la redio linaloshinda hilo.

MAMBO YA KUDAI JUU

Sera sio ya Dodoma mjini peke yake, inapita kwenye kata. Kwenye kikao cha kamati ya maendeleo ya kata simama udai vitu vinavyopimika. Kwanza mafuta ya pikipiki ya mkaguzi yawe kwenye bajeti ya halmashauri, maana mkaguzi mmoja na vijiji vyote vile bila mafuta ni sawa na hayupo, na shamba la mbegu lisilokaguliwa ni shamba la chakula. Pili ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, kikundi cha mbegu kinastahili kuomba, na omba mkopo ambao marejesho yake yanaanza baada ya kuuza mbegu, sio mwezi unaofuata, maana mbegu inachukua mwaka kuwa hela. Tatu halmashauri ikusanye zile oda za vijiji vyote kwenye karatasi moja izipeleke TARI na ASA kila mwaka tarehe inayojulikana. Likifanyika hilo la tatu tu kwa halmashauri zote, tatizo la mbegu za msingi linapungua bila hata kujenga jengo jipya. Na huko juu zaidi waendelee kuweka umwagiliaji kwenye mashamba ya ASA, kama Msimba kule Kilosa na Kilimi kule Nzega, kwasababu shamba lenye maji linaweza kutoa mizunguko miwili kwa mwaka na ile ngazi niliyoihesabu pale juu inafupika.

Majirani nao wana umuhimu. Kwa utaratibu wa SADC aina ikishaidhinishwa nchi mbili wanachama inaweza kuingia kwenye orodha ya kanda ikauzwa nchi zingine bila kuanza majaribio upya. Kwa karanga, ambapo sisi, Malawi, Zambia na Msumbiji tuna magonjwa yaleyale, ni fursa kubwa, ila inatumika pale tu ambapo kuna watu wa kuizalisha hiyo aina.

Huku Kongwa waingereza walileta matrekta mwaka 1947 kulima karanga kwa maelfu ya eka, ardhi ikawashinda, ukame ukawashinda, mwaka 1951 wakaacha. Wagogo wamekuwa wakilima karanga hapahapa kabla yao na baada yao, kwenye eka moja moja. Hao wa eka moja ndio daftari lako linatakiwa liwafikie.

Kama unaanza sasaivi, wiki hii fanya mambo mawili tu: nunua daftari la kurasa 96, na muulize afisa kilimo wa kata jina na namba ya mkaguzi wa mbegu wa wilaya yenu. Daftari ligawe safu tano, jina, kitongoji, aina, eka, kianzio. Likifika watu 40, andikeni barua.